Tiyo ya Papa Gaspard

Mu nyumba ya mama mukwe yake kule Mudzi-Pela, Fulgence alijuaka vitu mbili tu: kiti ya mbao karibu na mulango, na rido, pazia ya shambre ya kulala. Ingine yote ilikuwa inchi ya wenyewe. Mukwe mwanaume haingie mu shambre ya mama ya bibi yake. Hata moto ikiwaka mule, atasimama kwa mulango na kuita jirani. Basi tangu alioa Arlette, akija kusalimia alikaa pale kwa kiti, magoti pamoja sawa mutoto wa komunyo, anakunywa chai, anaangalia rido.

Rido yenyewe ilikuwa kipande ya kikwembe ya zamani, ya bluu, na ndege za njano. Na ilikuwa na tabia. Siku ya jua kali ilining'inia tu, imekufa. Lakini mvua ikiwa karibu, mbele hata mawingu itokee upande wa ziwa, rido ilianza kujaa. Ilikuja polepole upande wa salo, sawa mutu amesimama nyuma yake anaipumulia, kisha inarudi. Inakuja, inarudi. Na dirisha ya shambre ile ilipigwa misumari tangu vita.

Siku moja Fulgence aliuliza bibi yake upepo inatokea wapi.

"Ni papa," Arlette alijibu, akamuongezea sukari mu chai.

Fulgence alifikiri anachezewa akili. Alikunywa chai yake bila kucheka, kwa sababu mu ndoa yao yeye njo alikuwa na kazi ya kuchezea watu akili.

Mwaka hii alipata kazi ingine. Kulikuwa profesa mumoja, Profesa Xavier, mwenye alitaka kujua watu wa Bunia wanapumua nini mu manyumba yao. Si vumbi, si moshi ya makala. Radon. Radon ni gazi, haina rangi, haina harufu, unaweza kulala nayo maisha yako yote usijue kama uko na mugeni. Inazaliwa chini kabisa, mu mawe, inapanda na udongo, inatafuta ufa. Inje upepo inaibeba na hakuna mutu anakufa. Lakini ikiingia mu nyumba ikute dirisha imefungwa, inakaa. Na mutu akiivuta miaka na miaka, kansere inaweza kuota mu mapafu yake. Profesa aliisema hivi, kwa sauti ya mutu anayesoma meni ya chakula mu malewa, kisha akagawia kila mutu wa ekipe yake ya kupima mashini moja.

Mashini ilikuwa nyeusi, ukubwa ya kikombe, na kioo ndogo yenye kuandika namba. Kila dakika iliandika namba mupya, na ya zamani ikaiweka mu kichwa yake. Namba ikipita mia tatu, mashini ililia: piip, piip, sawa kifaranga imepoteza mama.

Fulgence alizungusha ile mashini Mudzi-Pela nyumba kwa nyumba, na kila nyumba aliacha mucheko. Mama Adeline, jirani wa mama mukwe yake, mwenye kati yao kulikuwa tu muti ya avoka na kamba ya kuanikia nguo, alimufuata nyuma mpaka mu shambre.

"Papa Fulgence, kitu ile inafanya nini?"

"Inahesabu wafu," Fulgence alisema, uso kavu.

"Wafu gani?"

"Wenye walikufa lakini hawajahama. Wangali wanalala mu nyumba za watu. Mashini inawahesabu, kisha profesa anawatumia convocation, barua ya kuwaita."

Mama Adeline alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akaangalia kitanda yake.

"Na hapa kwangu iko ngapi?"

Fulgence aliangalia kioo. "Quarante-deux. Arobaini na mbili."

"Yesu. Wote wanalala wapi?"

"Wanabanana, mama."

Kisha alimuelezea ukweli, mawe, udongo, mapafu. Mama Adeline alitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Lakini mucheko ilikuwa imekwisha kuingia mu nyumba na kukaa, na ukweli ilikuta viti vyote imejaa.

Nyumba yenye ilifuata ilikuwa ya mama mukwe.

Na pale njo Fulgence alikosea. Kila nyumba ingine aliingia mwenyewe, akatafuta pahali, mbali na ukuta, karibu na kichwa ya mutu mwenye kulala, akapiga foto. Profesa aliwakatazaka kabisa kuachia mwenye nyumba aweke mashini yeye mwenyewe. Lakini profesa hakuwa na mama mukwe Mudzi-Pela. Fulgence aliweka mashini juu ya kiti, akarudi nyuma mpaka kwa veranda, akageuza uso barabarani. Mama mukwe yake, mama Léontine, alitoka, akaichukua. Ginsi ile njo walipeanaka vitu.

"Mama, muiweke pahali munalalaka," Fulgence aliambia barabara. "Karibu na kichwa. Musiifunike. Nitarudi kuichukua juma yenye kuja."

"Nimesikia, bokilo, mukwe yangu," mama Léontine alijibu nyuma yake.

Alikuwa mama mufupi, wa maneno machache, mwenye kutembea sawa anaogopa kuamsha mutu.

Fulgence hakupima tu juu ya kazi. Arlette alikuwa na mimba kubwa, karibu azae, na mutoto wa kwanza mwanamuke anaenda kumuzalia na kumulelea kwa mama yake mwenyewe. Mu nyumba ile. Mu shambre ile. Mutoto wake atalala nyuma ya rido ya ndege za njano, na yeye, baba, atakuwa kwa kiti.

Aliporudi, alisikia piip piip tangu barabarani.

Mama Adeline alikuwa anaanika nguo. "Papa Fulgence, mashini yako haina haya. Juma muzima inalia. Tumesali, haijanyamaza."

Fulgence alisimama kwa veranda, akakohoa. Mama Léontine alitoka na mashini imefungwa mu kikwembe, ameibeba kwa kifua ginsi wanabebaka mutoto wa siku mbili. Hakuiweka kwa kiti. Alisimama, na macho yake ilikuwa na mayi.

"Bokilo, asante," alisema. "Miaka yote hii ninasema naye, sikujuaka kama anasikia. Sasa ninamuita, anaitika."

Fulgence alisahau kugeuza uso. "Munasema na nani, mama?"

"Na papa yenu."

Alifungua kikwembe. Kioo iliandika elfu tatu na mia saba. Fulgence aliijua namba ile: ni ya mwisho. Mashini haijue kuandika ya kuipita. Inafika pale inasimama, sawa mutu amepanda ngazi mpaka juu na kukuta nyumba ingali inaendelea mu giza.

Basi mama Léontine alikaa chini kwa veranda, Fulgence akakaa kwa kiti na kuangalia mugongo ya mukono yake, na wakasema hivyo, kila mutu na upande wake.

Papa Gaspard, bwana ya mama Léontine, alikuwa muchimbaji wa zahabu kule Kilo, mu migodi. Kule, mutu akishuka mu shimo refu, wa juu wanamushushia tiyo, bomba ya hewa. Wakitaka kujua kama angali anapumua, wanagonga tiyo na jiwe: ko, ko. Wa chini anagonga mara moja: niko. Asipogonga, wanaanza kuvuta kamba. Siku moja udongo ilimufunga chini, na ni tiyo tu njo ilimuokoa. Alitoka na pumu na woga moja: kufungiwa. Hata nyumbani alilalaka uso upande wa ufa ya mulango.

Alikufa wakati ya vita, mu kitanda yake, pumu imemukaba, na inje risasi. Hakuna mutu angebeba maiti mpaka makaburi. Mama Léontine na mama Adeline walisukuma kitanda, wakachimba pale pale, mu shambre. Mbele ya kufa alikuwa amesema neno moja: Musinifunge kabisa. Muniachie tiyo.

"Tulipata sima, simenti ya kujengea, nyuma, vita ilipopoa," mama Léontine alisema. "Nikamwanga juu. Lakini tiyo nikaiacha. Iko karibu na kichwa ya kitanda, na kifuniko yake. Kila asubuhi ninafungua, ninagonga na kijiko, ninamupa kahawa kidogo, ninamuambia habari. Wakati mama Adeline aliniambia mashini yako inahesabu wafu, nikaifungua, nikaiweka pale juu. Kwa mudomo ya tiyo."

Fulgence aliinama mbele kwa kiti. "Mama. Ile ilikuwa mucheko. Nilichezea tu mama Adeline. Mashini inapima gazi. Gazi mubaya, inatoka mu udongo. Pale mulichimba, udongo iko laini, gazi inapanda mu tiyo na kujaa mu shambre. Munaivuta kila siku. Na mutoto ataivuta."

Mama Léontine alifunga kikwembe tena, kona kwa kona.

"Weye ulicheka," alisema. "Mashini haikucheka."

Akaingia ndani. Jua ilikuwa kali, barabara ilijaa vumbi, hakuna jani moja ya avoka ilitikisika. Rido ilijaa, ikakuja mpaka karibu na magoti ya Fulgence, ikakaa pale kidogo, kisha ikarudi. Akiwa kwa moto, pikipiki yake, anaenda kwake, mvua ilimukuta njiani.

Arlette hakushangaa. Alikuwa anakunja nguo ndogo ndogo juu ya tumbo yake, ginsi mutu anatumia meza.

"Nimekulia na tiyo ile," alisema. "Nikirudi masomo, mama ananiambia, enda uambie papa yako umepata pointi ngapi. Nikipata mubaya, ninasema kwa sauti ya chini."

"Na anajibu?"

"Anapumua. Mvua ikikaribia anapumua sana, pumu ilimushikaka wakati ile."

"Arlette, hewa ikipunguka uzito mbele ya mvua, gazi ya udongo inapanda. Ni sayansi."

"Ni sawa. Sayansi na pumu."

"Tubaki hapa kwetu. Mama akuje akulee hapa."

Arlette aliacha kukunja. "Mutoto wa kwanza, na mama hatamuonyesha papa? Atasema mujukuu anamukimbia mbele azaliwe. Hawezi kukuja, Fulgence. Yeye haweze kulala mbali na pale. Hajawahi."

Fulgence alipiga simu kwa Profesa Xavier. Alisema kuko nyumba moja na shimo ya zamani chini ya sima, na tiyo. Shimo ya nini, profesa aliuliza. Fulgence alisema, ya famiye. Profesa aliendelea na sauti yake ya meni.

"Usifunge ile tiyo. Ukiifunga, gazi itatafuta ufa ingine. Uirefushe. Ipande, ipite mu manjanja, mabati ya juu, itokee juu ya nyumba. Upepo itaibeba. Na wafungue dirisha."

Kazi ilibaki kumuambia mama Léontine. Mukwe hawezi kuzungumuza na mama mukwe habari ya kitanda yake. Fulgence alipeleka mama Adeline, kwa sababu yeye njo alibeba mucheko kwenda, abebe pia ukweli. Wote watatu walikaa kwa veranda. Fulgence aliongea na muti ya avoka, mama Adeline akachukua maneno na kuyapeleka metre mbili kwa mama Léontine mwenye aliisikia yote.

"Umuambie, hatufungi tiyo," Fulgence alisema.

"Anasema hafungi tiyo."

"Nina masikio, Adeline."

"Umuambie, tunairefusha. Itapita juu ya nyumba. Papa atakuwa na hewa ya juu, si ya shambre."

Mama Adeline alifikiri, akaongeza yake: "Anasema, yule muzee aliogopaka kufungiwa. Na weye umemufungia mu shambre ya misumari miaka yote hii. Tumupe juu."

Kuku ilipita kati yao, ikaangalia kila mutu, ikaenda.

"Na kahawa yake?"

"Kutakuwa mukono ya tiyo inje, kwa ukuta, na kifuniko," Fulgence aliambia avoka. "Atampa kahawa pale."

"Na nitajuaje kama angali?"

Mama Adeline aligeuka, akaangalia Fulgence. Ile haikuwa neno ya kubeba.

"Mashini itasema, mama," Fulgence alijibu yeye mwenyewe.

Juu ya dirisha, mama Léontine alikataa. Alipiga misumari ile na mikono yake siku walikuja kuvunja milango, na haitatoka.

Olivier, fundi wa sima mwenye alifanyaka kazi bila maneno, aliingia na tiyo mirefu. Fulgence alimuongoza akiwa inje, mugongo kwa ukuta, macho kwa barabara. Kidogo kidogo Olivier alianza kuongea kutoka ndani.

"Patron, tiyo hii inavuta."

"Inavuta nini?"

"Nimeweka mukono kwa mudomo yake. Inavuta. Sasa inasukuma."

"Ni gazi, Olivier. Unganisha haraka."

"Gazi haina harufu ya kahawa."

"Wanamwanga kahawa mule kila siku."

"Bon," Olivier alisema, na sauti yake haikukubali. Alimaliza mbio, akaziba ufa zote mu sima, akatoka, akanawa mikono mara mbili, na hakukubali chai.

Juma ile mashini ilikaa mu shambre, juu ya meza ndogo, na Arlette njo aliiweka. Trente-neuf. Trente-six. Quarante. Thelathini na kitu mpaka arobaini, nyumba ya kawaida. Rido ilining'inia, imekufa, hata siku ya mvua. Fulgence alirudi na roho nyeupe, lakini alikuta mama Léontine amekaa kwa veranda na kijiko mukononi, amepunguka, sawa mutu ametoka kwa kilio.

"Ameenda," alisema. "Niligonga. Mashini yako inasema quarante. Quarante ni ya nyumba ya Adeline."

Basi Fulgence alipanda ngazi mpaka juu ya manjanja, akafunga mashini kwa mudomo ya tiyo na kamba, akangoja kule juu, jua inamuchoma shingo. Tiyo ilikuwa baridi. Kwa mukono yake alisikia ile Olivier alisikia: inasukuma kidogo, inapumuzika, inasukuma. Hakuangalia ndani. Piip, piip. Alishuka, akaweka mashini kwa kiti, akarudi nyuma.

Mama Léontine alisoma namba. Aliinua uso juu, mukono kwa macho.

"Iko kule," alisema.

"Iko kule, mama."

"Sasa anaona muji yote." Na akaenda kuchemusha kahawa.

Mutoto alizaliwa mwanaume. Walimuita Gaspard, hakukuwa hata mazungumuzo. Mama Léontine alimupokea kwa mulango na kumuita bwana yangu, ginsi wamama wazee wanaitaka wajukuu, na mutoto akaingia nyuma ya rido mu mikono ya mama yake. Fulgence akabaki kwa kiti. Mashini ilikuwa mule ndani, juu ya meza ndogo, karibu na kichwa ya mutoto. Alikuwa ameomba kitu ile moja.

Mu siku za kwanza haikulia. Fulgence alikuja kila mangaribi, anaulizia rido, rido inamujibu na sauti ya Arlette: "Trente-sept. Amekunya. Trente-huit. Amelala."

Siku ile alikuja mapema, mangaribi haijafika. Mama Léontine alikuwa nyuma ya nyumba anamukanda Arlette na mayi ya moto. Aliwasikia, kitambaa inapiga mayi, Arlette anasema mama polepole. Mutoto alikuwa amelala peke yake ndani. Mbingu ilikuwa safi, hakuna wingu, hakuna mvua hata ya kusingizia. Fulgence alikaa kwa kiti yake.

Rido ilijaa.

Ilikuja mpaka mbali kuliko siku zote. Ndege za njano zilivimba, zikamuangalia. Haikurudi.

Piip, piip.

"Arlette," aliita. Mayi ilikuwa inamwangika nyuma, hakuna mutu alisikia. "Mama."

Piip, piip. Na harufu ya kahawa, ya moto, ya sasa hivi. Jikoni, alikuwa amepita akaona, kulikuwa tu sufuria ya mayi.

Alisimama. Miguu yake ilifika kwa rido na kukataa. Hakuwa mutu wa kuogopa desturi. Aliichekaka mbele ya marafiki. Lakini mwili yake ilikuwa na elimu yake yenyewe, na ilisimama pale sawa punda mbele ya mutoni. Mutoto hakulia. Kile njo kilimuvunja. Mutoto angelia, Fulgence angengoja wamama.

Alipita mu rido.

Shambre ilikuwa ndogo kuliko vile aliota. Kitanda, sanduku, tiyo nyeupe inatoka mu sima na kupanda mpaka juu, imezibwa vizuri kila pahali, kazi ya Olivier, hakuna ufa. Baridi ya shimo. Kioo ya mashini: mia tisa. Gaspard mudogo alikuwa macho. Hakulia, hakucheza. Aliangalia pahali moja, karibu na tiyo, juu kidogo, pale uso ya mutu ingekuwa kama ameinama, na kifua yake ilipanda na kushuka polepole sana kwa mutoto wa umri ile. Fulgence alisikia pumzi mbili mu shambre. Alihesabu yake, ikawa tatu.

Alimunyakua mutoto. Alitafuta mucheko mu kichwa yake, hata moja, ya kumusaidia kufika kwa mulango, na hakukuta. Kisha alifanya kitu yenye hakujua atafanya. Alikunja kidole, akagonga tiyo. Ko, ko.

"Papa," alisema, na sauti ilitoka ya mutoto wa komunyo. "Ni mukwe yenu. Munisamehe, nimeingia. Huyu ni Gaspard. Mumemuona. Sasa mumuachie hewa."

Kwanza hakuna kitu. Kisha, chini, si juu kwa manjanja, chini ya sima, karibu na miguu yake: ko.

Mara moja.

Fulgence aliweka mutoto kwa kifua na mukono moja, na mukono ingine akashika dirisha. Misumari ya vita ilikuwa imekula kutu. Alivuta, akapiga na bega, akavuta tena mpaka ngozi ya vidole ikatoka, na mbao ikapasuka, na jua ikaingia mu shambre ile yenye haikuionaka tangu Arlette alikuwa wa kubebwa. Upepo ya barabara iliingia na vumbi yake, makelele ya pikipiki, radio ya mutu. Rido iliruka juu. Mashini ililia tena kidogo, mia sita, kisha mia nne, kisha ikanyamaza.

Alipotoka, mama Léontine alikuwa amesimama mu salo, mikono yake inatoa moshi ya mayi ya moto. Nyuma yake Arlette, amejifunga kikwembe. Mama aliangalia rido, aliangalia mwangaza yenye ilipita chini yake, aliangalia vidole ya mukwe wake.

"Bokilo. Uliingia."

"Niliingia, mama."

"Alikujibu?"

Kwa mutu mwingine, siku ingine, Fulgence angekuwa na majibu saba. "Mara moja," alisema.

Mama Léontine alikaa chini polepole, pale pale, mu mulango. Hakukasirika. Alitikisa kichwa sawa mutu amesikia simu yenye alingojaka.

"Basi ni muzuri," alisema. "Mutoto amekwisha kuonyeshwa. Dirisha ibaki."

Profesa Xavier alipoona memwari ya mashini, alipiga simu. Kuko saa moja imepanda bila sababu, alisema, siku haina mvua. Ni kosa ya mashini, aifute. Fulgence alisema ndiyo, profesa, na hakuifuta. Juu ya mama Adeline na wengine, kila mutu mwenye alimuuliza mashini inafanya nini, alisema inapima radon, gazi ya udongo, fungueni madirisha. Walingoja amalizie na mucheko. Hakumalizia.

Mvua yenye ilifuata, Fulgence alikuwa kwa kiti yake, Gaspard mudogo kwa magoti. Mawingu ilitoka upande wa ziwa. Rido ilicheza na upepo ya barabara, upepo ya watu wote. Inje, mama Léontine alimwanga kahawa mu mukono ya tiyo, akagonga na kijiko, akaingia mbio kukimbia matone. Mashini iliandika trente-huit.

Juu ya manjanja, mbele ya mvua kuanza sawasawa, kitu kiligonga mara moja. Arlette aliendelea kukunja nguo. Mama Léontine alipanguza kijiko. Mutoto peke yake njo aliinua macho, na kifua yake ikapanda, ikangoja, ikashuka.